Banda la tegu mdogo: jua juu, shimo chini

Swali: Msomaji anayeishi Columbus, Ohio, anaandika: "Kijana wangu wa miaka 14 kapewa tegu mweusi na mweupe wa Argentina, yule mjusi mkubwa. Kutoka puani hadi ncha ya mkia ana kama sentimita 35. Alikuja na tangi la kioo la galoni 20, taa nyekundu, mkeka wa joto wa kubandika chini ya tangi na mfuko wa maranda ya msonobari. Wiki ya tatu sasa analala mchana kutwa, anakula kidogo, na ngozi ya zamani imeng'ang'ania vidoleni. Aliyetupa anasema tangi hilo litamtosha mpaka atimize mwaka. Je, ni kweli? Na kama si kweli, tumtengenezee nini? Nyumba ni ya kupanga, tuko ghorofa ya pili."

Jibu: Si kweli, ndugu yangu, na dalili ulizozitaja zimekwisha kulijibu swali lako nusu. Tegu wa Argentina hutoka kwenye yai akiwa na sentimita 20 na kitu. Akilishwa vizuri, kabla ya kutimiza mwaka anapita sentimita 75, na dume mzima hufika mita 1.2 au zaidi. Tangi lenu lenyewe halifiki sentimita 80 kwa urefu. Hata hivyo, kinachomwumiza leo si ufinyu peke yake. Ndani ya sanduku dogo la kioo huwezi kuweka jua na kivuli kwa wakati mmoja. Ukiwasha taa yenye nguvu inayomtosha, tangi zima linageuka tanuri. Ukiwasha dhaifu, hana mahali pa kuota jua. Na kwa kuwa juu kuna wavu mtupu, unyevu wote unapanda na hewa ya moto na kutokomea chumbani.

Wengi wetu tukimwona tunasema "huyu kenge". Kwa sura wanakaribiana, lakini si ukoo mmoja: kenge ni wa Afrika, Asia na Australia, tegu ni wa Amerika ya Kusini. Huyu wenu asili yake ni nyanda za majani na kingo za misitu za Brazili, Uruguay, Paraguay na kaskazini ya Argentina. Asubuhi anatoka kuota jua mpaka mwili upate moto, anazunguka kutafuta chakula, kisha anaingia shimoni ambako udongo ni baridi na una majimaji. Majira ya baridi anajifungia humo kwa miezi. Kwa hiyo banda lake ni vitu viwili tu, jua juu na shimo chini, na kila ushauri hapa chini unarudi kwenye hivyo viwili.

Kabla hujatoa fedha, hakikisha mambo mawili. La kwanza ni sheria. Florida iliwaweka tegu kwenye orodha ya wanyama waliokatazwa mwaka 2021, kwa sababu waliotoroka na walioachiwa wamezaliana porini na wanakula mayai ya ndege, kasa na mamba wa huko. Alabama, South Carolina na Georgia nazo zimeweka masharti yao. Ulizeni kanuni za jimbo lenu na za mji wenu pia, na msije mkahama naye kwenda kusini bila kuuliza. La pili ni mkataba wa nyumba. Mwenye nyumba akubali kwa maandishi, maana banda lenyewe ni zito, na uzito huo nitaurudia.

Anza na la usiku wa leo, kwa sababu banda kubwa litachukua wiki mbili tatu kujengwa na huyu hawezi kusubiri. Toa maranda yote. Msonobari na mwerezi hutoa harufu ya utomvu inayowasha njia ya hewa, na maranda makavu yananyonya unyevu wowote uliopo. Chomoa mkeka wa joto. Tegu huchimba kuelekea chini akitafuta ubaridi, na pale chini ndipo ulipoweka moto. Udongo ulio juu ya mkeka unazuia joto kupanda, kwa hiyo mkeka unazidi kupata moto na tumbo lake linaungua polepole bila yeye kuondoka. Taa nyekundu nayo itupe. Mjusi anaiona rangi nyekundu vizuri tu, kwa hiyo kwake usiku hauingii kamwe.

Jaza makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa, kina cha sentimita 10 hadi 12. Yanauzwa kwenye maduka ya bustani yakiwa yameshindiliwa kama matofali. Funika robo tatu ya wavu wa juu kwa karatasi ya alumini, ukiacha wazi upande wa taa peke yake. Weka balbu ya halojeni ya wati 50 mwisho mmoja, kwenye holda ya kauri, na bapa la jiwe chini yake. Upande wa pili weka boksi dogo la plastiki lililopinduliwa, lenye mlango, ndani likiwa na mosi ya sfagnamu iliyolowa, yaani mmea laini unaoshika maji kama sifongo. Hilo ni shimo lake la muda. Tangi likiwa hivi atavumilia wiki tatu, zikizidi sana nne.

Sasa vidole. Chukua kioo cha kukuzia umwangalie kidole kimoja kimoja, karibu na ukucha. Ngozi iliyokwama huonekana kama uzi mweupe uliofungwa kuzunguka kiungo cha mwisho. Ukiachwa, uzi huo unakaza kadiri kidole kinavyokua, damu haipiti, na kidole kinageuka cheusi, kinakuwa kikavu kama kijiti na kukatika. Ncha ya mkia hupotea kwa njia hiyo hiyo. Mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi, yasiyopita viwiko vyake, kwa dakika 20. Kisha sugua taratibu kwa pamba iliyolowa, kutoka mguuni kuelekea ukuchani. Kisichotoka leo kitatoka keshokutwa. Usivute ngozi kavu, maana utaondoka na ngozi hai chini yake. Kidole kilichokwisha kuwa cheusi au kilichovimba si kazi ya pamba tena. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo anayetibu reptilia, yaani wanyama kama mijusi na nyoka.

Tuje kwenye banda lenyewe. Watu wengi hununua la sentimita 120 kwa 60, baada ya miezi sita wananunua lingine, na mwaka wa pili la tatu. Mimi nakushauri ulijenge la mtu mzima tangu sasa, kisha ulikate katikati kwa kizuizi cha mbao. Kipimo kinachofaa kwa tegu mzima ni futi 8 kwa 4 kwa 4, yaani sentimita 240 kwa 120, na kimo 120. Kipimo hiki kina faida moja kwa anayejenga mwenyewe: shiti la plaiwudi Marekani lina futi 8 kwa 4. Shiti moja ni sakafu, moja ni dari, moja ni ukuta wa nyuma, na moja ukilikata katikati linatoa kuta mbili za pembeni. La tano unalipasua vipande vya mbele. Kazi ya msumeno inakuwa ndogo, na kona zinakutana zenyewe. Milimita 12 inatosha ikiwa utaweka fremu ya mbao za inchi mbili kwa nne kwenye pembe zote na mhimili mmoja katikati ya sakafu.

Hapa ndipo ghorofa ya pili inapoingia. Sakafu za nyumba za kuishi Marekani kwa kawaida husanifiwa kubeba pauni 40 kwa futi mraba, karibu kilo 195 kwa mita mraba. Banda hili linakalia mita mraba 2.9, kwa hiyo hesabu inakupa kama kilo 570. Ukilijaza mchanganyiko wa udongo na mchanga wa kina cha sentimita 30, kama wanavyoshauriwa wenye sakafu ya zege, udongo huo ukiwa na majimaji unapita kilo 1,200 peke yake. Usifanye hivyo ghorofani. Tumia mchanganyiko mwepesi nitakaoueleza, kina cha sentimita 15, na kona moja tu iwe ya kuchimba sana. Liweke banda likiegemea ukuta wa nje, urefu wake ukikata mihimili ya sakafu badala ya kwenda sambamba nayo.

Ndani, maji ndiyo adui wa plaiwudi. Paka varnishi ya maji ya poliyurethani mikono mitatu, ukisubiri kila mkono ukauke. Ziba maungio kwa silikoni tupu, ile isiyochanganywa dawa ya ukungu. Kisha tandika karatasi nzito ya mpira ya kutengenezea mabwawa sakafuni na uipandishe kutani mpaka sentimita 40, ikiwa kipande kimoja kama beseni, bila kuikata kwenye kona. Ikunje tu kama unavyokunja shuka kitandani. Acha banda wazi wiki nzima au zaidi. Ukiingiza kichwa ndani bado unasikia harufu ya rangi, halijawa tayari.

Mbele acha kizingiti cha sentimita 35 kutoka sakafuni ili udongo usimwagike kila unapofungua, halafu juu yake milango miwili ya kioo ya kusukuma pembeni, milimita 6. Mlango uwe mbele, usiwe juu. Kiumbe mdogo akiona mkono ukishuka kutoka juu, kwake huyo ni mwewe, na utatumia miezi kumfundisha vinginevyo. Weka kufuli ya kioo tangu siku ya kwanza. Tegu anajifunza upesi kusukuma kioo kwa pua, na wa sentimita 35 anapita kwenye upenyo unaodhani hauwezi kupitisha kitu.

Matundu ya hewa ni mawili: moja chini upande wa baridi, juu kidogo ya udongo, na jingine karibu na dari upande wa joto. Kila moja liwe na sentimita 30 kwa 10, na wavu wa chuma. Hewa inaingia chini ikiwa baridi na kutoka juu ikiwa moto. Ukitoboa zaidi ya hapo, Januari ya Ohio, hita za nyumba zikiwa zimekausha hewa, itakushinda.

Kizuizi cha katikati kikate kutoka kipande cha plaiwudi kilichobaki, kifike sakafuni na kiende juu kiasi kwamba hawezi kukirukia. Mdogo anabaki na sentimita 120 kwa 120. Nafasi hiyo inamtosha kwa miezi yake ya mwanzo, na ninyi mtaweza kumwona, kujua kama amekula, na kumpata bila kufukua banda zima. Jambo la muhimu ni kuweka taa kwenye ukuta wa nje wa nusu hiyo na si kwenye kizuizi. Siku utakapokitoa, jua litabaki pale pale alipolizoea, na kitakachoongezeka ni kivuli.

Udongo ndio sehemu ninayoipigania kuliko zote, kwa sababu ndiyo watu wanayoibania fedha. Kwa nusu banda, kina cha sentimita 15, unahitaji kama lita 215. Nunua mifuko miwili ya magome ya saipresi yaliyosagwa, ya futi za ujazo 2 kila mmoja, tofali moja la makumbi la kilo 5, ambalo likilowekwa linafura kufikia lita 65 hadi 70, na mifuko miwili ya pauni 40 ya udongo wa juu wa kawaida. Soma mfuko wa udongo vizuri: usiwe na mbolea, dawa, wala zile chembe nyeupe nyepesi za perlaiti. Changanya vyote kwenye turubai ndipo uingize. Makumbi peke yake yakikauka yanakuwa vumbi linaloingia puani, na magome peke yake hayashiki shimo. Ni udongo unaofanya handaki lisimame.

Kwenye kona ya baridi zungushia mbao ndogo upate kisanduku cha sentimita 60 kwa 60, ujaze mpaka sentimita 30. Humo ongeza udongo zaidi, ushindilie kwa mkono, na uanze kumchimbia tundu la ulalo kwa mpini wa ufagio. Ataligeuza mwenyewe apendavyo.

Kipimo cha majimaji hakihitaji chombo. Chota udongo wa chini, ukamate kwa nguvu, kisha fungua kiganja. Ukibaki donge lenye alama za vidole vyako bila kudondosha hata tone, umefika. Ukivunjika mara moja, ni mkavu. Maji yakipenya kati ya vidole, umezidisha, na mnyama anayelala juu ya tope siku nyingi anapata malengelenge na vidonda tumboni. Namna ya kumwagilia ina kanuni yake pia. Kunyunyiza kutoka juu kunapandisha kipima unyevu kwa saa moja tu, kisha taa inakausha, huku udongo wa juu ukiota ukungu. Badala yake, mimina lita mbili hadi tatu kwenye kona moja moja, maji yateremke mpaka chini kabisa. Tabaka la chini likae na maji, la juu liwe karibu kavu. Joto la taa litayavuta maji hayo juu polepole, siku baada ya siku. Kwa mchanganyiko huu huwa ni mara moja kwa wiki, na mara mbili wakati wa baridi.

Unyevu wa hewa unaoutafuta ni asilimia 70 hadi 80, usiku ukipanda zaidi si tatizo. Weka kipima unyevu cha dijitali kimoja usawa wa mnyama upande wa baridi, kingine upande wa joto. Usikishangae cha upande wa joto kikisoma 50 mchana, maana hewa ya moto husoma hivyo. Kinachotakiwa ni mahali anapolala pasikauke. Juu ya udongo tandaza majani makavu ya miti isiyopigiwa dawa, tabaka la vidole vinne. Yanazuia maji kupotea, na mtoto wa tegu akiwa na mahali pa kupita bila kuonekana hutoka nje mara nyingi zaidi.

Sasa jua. Lina kazi mbili, joto na mionzi ya urujuanimno, na zinatoka kwenye taa mbili tofauti zilizokaa pamoja ili azipate kwa wakati mmoja.

Kwa joto, tumia balbu mbili za halojeni za mwanga mpana, wati 50 kila moja, zikiwa sentimita 20 kutoka moja hadi nyingine. Usiweke moja ya wati 100. Balbu moja hutengeneza doa kali linalochoma katikati ya mgongo huku miguu na shina la mkia vikiwa baridi, na mnyama anaendelea kukaa hapo kwa sababu mwili mzima bado haujapata moto. Mgongo unaungua akiwa anatafuta joto. Doa la joto liwe refu kama mwili wake ukiacha mkia, na utalipanua anavyokua. Zote ziwe na kizimba cha waya kuzunguka balbu, maana tegu mdogo hupanda kila kitu. Zifunge kwa skrubu darini, zisining'inie kwa waya wake wa umeme.

Kwa kuwa banda lina kimo kirefu, taa ikiwa darini haitafika chini na nguvu ya kutosha. Mjengee kibao cha kuotea jua kilichoinuka, juu yake kigae kikavu cha kauri kisichoteleza, sentimita 35 hadi 40 chini ya balbu, na gogo lililolala kama ngazi. Miguu ya kibao isimame juu ya sakafu ya banda, isisimame juu ya udongo. Vivyo hivyo jiwe lolote zito mtakaloingiza. Atachimba chini yake tu, na jiwe lililokalia udongo humwangukia. Mtoto wa tegu anaweza kufa chini ya jiwe ambalo kijana wako analinyanyua kwa mkono mmoja.

Uso wa kigae usome nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, ambazo ni 100 hadi 108 za Farenhaiti. Pima kwa kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, kinachosoma uso wa kitu. Hewa ya upande wa joto iwe 30 hadi 32, na ukitaka kuijua bila kipimo kumbuka Mombasa mchana wa Februari. Upande wa baridi uwe 24 hadi 26. Upande wa baridi ukipita 29, umempokonya kivuli, na tegu asiyeweza kupoa huacha kula, hujisugua pua kwenye kioo mpaka itoke damu, au hujichimbia asionekane tena.

Themostati, kifaa cha kudhibiti joto, ni lazima, na kwa halojeni iwe ile inayofifisha taa badala ya kuwasha na kuzima. Sensa yake, yaani kihisi joto, ibane kwa skrubu na kibano pembeni mwa kigae. Isiachwe huru kwa namna yoyote. Mnyama akiivuta ikaangukia kwenye chombo cha maji, themostati itaamini banda zima ni baridi na kuzisukuma taa kwa nguvu zote mpaka mtakaporudi jioni.

Kwa urujuanimno, chukua taa ya mrija mwembamba iitwayo T5 yenye nguvu kubwa, ya asilimia 10 hadi 12 ya UVB (aina ya urujuanimno anayoihitaji), urefu wake kama nusu hadi theluthi mbili za nafasi yake, pamoja na kiakisi cha bati nyuma yake. Mrija huo upitie juu ya kibao cha jua, sentimita 35 hadi 45 kutoka mgongoni mwake, ndani ya banda bila kitu katikati. Wavu mwembamba unakula theluthi ya mionzi au zaidi, na kioo huizuia karibu yote, kwa hiyo dirisha la sebuleni halisaidii kitu hata jua likiwaka. Mwenye kipima mionzi cha UVI (kipimo cha ukali wa urujuanimno) atafute namba kati ya 3 na 5 pale anapoota jua. Zile balbu ndogo za kujisokota zinazouzwa kwa jina hilo hilo zinatoa mionzi kidogo tu, hazimtoshi. Andika tarehe kwenye mrija kwa kalamu ya wino usiofutika na uubadilishe kila baada ya miezi 12, hata kama bado unang'aa. Mwanga unaouona wewe unadumu kuliko mionzi anayoihitaji yeye. Tegu anayekua kwa kasi hii bila mionzi wala kalisiamu hulainika mifupa: taya linakuwa kama mpira, miguu inapinda, anatetemeka akitembea.

Taa zote ziwashwe na taima, kwa muda wa saa 12 kila siku, na usiku giza tupu. Nyumba yenu ikishuka chini ya nyuzi 20 usiku, weka kitoa joto cha kauri cha wati 100, kisichotoa mwanga, kwenye kizimba chake cha waya na themostati yake iliyowekwa 22. Kifungwe kwenye holda ya kauri. Kifaa hicho kinapata moto wa kuyeyusha holda ya plastiki, na mioto mingi ya mabanda huanzia hapo. Soketi iwe ile inayojikata yenyewe maji yakigusa umeme, na kila waya uning'inie kidogo chini ya soketi ndipo upande, ili tone likitiririka lianguke sakafuni.

Chombo cha maji kiwe beseni zito anamoweza kuingia mwili mzima, kina kisichozidi kimo cha mabega yake, upande wa baridi. Atajisaidia humo, kwa hiyo badilisha kila siku. Maficho yawe mawili, moja kila upande, ya kumbana kidogo pande zote, kwani anahisi salama anapogusa kuta. Mapambo mengine ni ya kumfurahisha kijana wako, hayana ubaya.

Chakula ni somo lake lenyewe, nitasema tu kinachohusu banda. Mdogo hula kila siku, wadudu na nyama ya mnyama mzima mzima kama panya mdogo, vikipakwa unga wa kalisiamu. Mwekee kwenye sahani pana juu ya kigae, ili asimeze magome pamoja na chakula. Vyombo vyake msivioshe kwenye sinki la jikoni. Reptilia hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila kuumwa, na kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano asimshike kabisa.

Banda likikamilika, liwashe siku tatu likiwa tupu. Andika joto la kigae, la pande zote mbili na unyevu, asubuhi, saa nane mchana na usiku wa manane. Kigae kikizidi 42, punguza kwenye themostati kwanza, kisha shusha kibao. Upande wa baridi ukizidi 28, punguza wati, kwa sababu nguvu ya taa imezidi sanduku. Unyevu ukishuka chini ya 60 upande wa baridi, ziba nusu ya tundu la juu na umwagilie kona. Vioo vikitoka jasho siku nzima, fungua tundu zaidi. Ni rahisi kurekebisha haya kabla hajaingia kuliko kumfukua kila siku.

Mwingizeni asubuhi taa zikiwa zimewaka. Wiki ya kwanza msimshike. Badilisheni maji, wekeni chakula, ondoeni uchafu, basi. Mpimeni uzito mara moja kwa wiki kwenye mizani yake mwenyewe na muandike. Baada ya siku kumi unatarajia kumwona akitoka kabla ya saa nne asubuhi kuota jua, akitoa ulimi mara kwa mara, akichimba mchana.

Kuhusu usingizi, kuna jambo la kuangalia. Tegu wadogo huanza kulala vuli (majira kabla ya baridi) inapoingia hata ndani ya nyumba yenye joto, na kwa mwenye afya hilo ni la kawaida. Wenu amefika kwenye majira haya akiwa anakula kidogo na vidole vimebanwa, kwa hiyo mwaka huu nisingemwacha alale. Taa zibaki kuwaka kwa muda wa saa 12 kila siku, na mpelekeni kinyesi chake kikapimwe minyoo. Akiendelea kulala kwenye banda lililonyooka, na macho yameingia ndani au uzito unashuka wiki mbili mfululizo, muoneni daktari bila kungoja wiki ya tatu.

Kizuizi kitoeni anapofika sentimita 60. Jazeni upande wa pili udongo ule ule siku kadhaa kabla, mumwagilie, mtandaze majani, kisha muinue mbao usiku akiwa shimoni. Msimbebe kumpeleka upande mpya. Asubuhi atauona mwenyewe.